Mwaka Nilipong'oa Ubao wa Ziwa

Binti wa rafiki yangu Wachira alinipigia simu Jumapili moja asubuhi nikiwa nachambua mchele, akaniambia, "Mama Dorka, mzee ametuacha." Nilikasirika kabla sijalia. Ndivyo nilivyoumbwa, jambo likiniuma, kwanza natafuta wa kumgombeza. Nikamgombeza marehemu mwenyewe palepale juu ya ungo: we Wachira, si tulikubaliana mimi ndiye nitangulie? Kisha nikaweka ungo chini, nikalia mpaka mjukuu wangu akaja mbio kuuliza kama nimeumwa na nge. Juma lililofuata nilisafiri kwenda kumzika huko kwao Nyeri, na miguu yangu hii inayogoma kila asubuhi. Siku ya maziko Mlima Kenya ulijitokeza wazi mapema kabla ya ibada. Sikuwa nimewahi kuuona kwa macho yangu, ingawa kwa zaidi ya miaka hamsini mtu yule aliniandikia barua kila Januari kunieleza barafu ya juu kule imerudi nyuma kiasi gani, nami nikamjibu ziwa langu liko wapi. Nilitafuta ule weupe alionisimulia, nikaona miamba myeusi tu. "Ni pale, Mama, kando ya ile ncha," binti yake akanionyesha, na kweli palikuwa na kipande kidogo, kama leso iliyosahaulika kwenye kamba. Nilikitazama mpaka wakaniita mara mbili nikatupe udongo.

Tulijuana kwa sababu ya kosa langu, wala si kosa dogo. Ulikuwa mwaka wa mwanzo wa Uhuru, na mvua iliyoanza kabla ya bendera kupandishwa ilikuwa bado haijajua kunyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa hesabu kule Karungu, ukingoni mwa ziwa, na nilijiona. Mtu asikudanganye, nilijiona sana. Nilikuwa nimetoka kwetu Kosele na sanduku la bati, Biblia, viatu jozi mbili na cheti changu, na nilipangiwa chumba katika nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Min Odongo, yaani mama yake Odongo, kijana aliyekuwa akivua samaki kisiwani Remba. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, imesiribwa vizuri, mlango wake unatazama ziwa. Chumba changu kilitengwa na cha Min Odongo kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo nilimsikia akisali rozari yake kila jioni, naye alinisikia mimi Msabato nikiimba nyimbo zangu, na kila mmoja alimwombea mwenzake abadilike. Mbele ya nyumba, hatua chache kutoka mlangoni, palikuwa na kaburi la mumewe. Alikuwa akilifagia kila asubuhi kabla hajafagia kwingine.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa kazi ya ubao. Palikuwa na ubao mrefu mweupe, umechorwa futi na inchi kwa rangi nyeusi, umesimamishwa majini karibu na mahali pa kuegesha mitumbwi. Karani aliyekuwa akiusoma alihamishwa, na ofisi ya maji ikataka mtu anayejua hesabu na anayelala karibu. Kila siku alfajiri nilishuka, nikapandisha sketi, nikaingia majini, nikasoma maji yamegusa wapi, nikaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi nilinakili namba zote na kuzipeleka. Ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini niliibeba kama cheo. Wanawake wa ufukweni waliniita Mwalimu wa Maji, nami nikajifanya sipendi.

Namba zilikuwa zinapanda tu. Inchi moja leo, nusu inchi kesho, na mvua ikinyesha usiku mzima zinapanda mbili. Zile bustani za viazi za chini zilizama, kisha njia ya kwenda sokoni ikazama, tukawa tunapitia juu vichakani. Asubuhi moja nilifika nikakuta maji yamebakiza inchi mbili tu yaufunike ubao wote. Sasa hapo ndipo akili yangu ya cheti ilipofanya kazi. Niliwaita wanafunzi wanne wa darasa la saba, tukaung'oa ubao, tukaupandisha juu ufukweni, ukalala pale siku nane mvua ikitukatalia, kisha tukaupigilia upya mahali ambapo maji yalifika kiunoni. Ukasimama wima, imara, unang'aa. Maji yakagusa futi mbili na nusu. Nikaandika futi mbili na nusu. Asubuhi ya kuung'oa nilikuwa nimeandika futi tano na inchi kumi. Sikuona tatizo lolote, naapa. Rula ni rula, nilijiambia, ukiihamisha haibadiliki. Nilikwenda darasani nikiwa na nguo iliyolowa na moyo mweupe kabisa.

Huko ofisini mtu fulani aliziona namba zangu, akaona ziwa la Karungu limeshuka futi tatu na zaidi, akafurahi. Habari ikapita kutoka meza hadi meza mpaka ikamfikia chifu wetu, naye akaita baraza. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa mbele na walimu wenzangu. Chifu akasema vipimo vya serikali vimeonyesha maji yameanza kurudi, watu wa ufukweni watulie, asiyehama asihame. Watu wakapiga makofi. Kuna mwanamke aliyepiga vigelegele. Mimi niliona kuna kitu hakikai sawa, lakini chifu alikuwa ametaja vipimo, na vipimo ni vyangu, na ni nani asiyependa kusifiwa hadharani? Nikakaa kimya. Mpaka leo nikiwa kwenye mkutano, mtu akitaja takwimu, ule ukimya wangu unanirudia na nanyoosha mkono kuuliza. Wajukuu wangu wanaona aibu kukaa nami.

Min Odongo alikuwa na sababu yake ya kulipenda tangazo lile. Jioni moja tulikuwa tumemaliza kula kuon, ugali wetu wa mtama, na fulu, vile visamaki vidogo alivyovikausha mwenyewe. Mimi nikaingia chumbani kusahihisha madaftari. Akaja Okelo, ndugu wa marehemu mumewe, mtu mzito wa maneno, na ukuta ule usiofika juu haukuficha neno. "Shemeji," alisema, "hata kama wanasema yanarudi, mimi siyaamini. Hama." Min Odongo akamjibu, "Nihame na nani?" Okelo akakohoa. "Unajua mila. Mwanamke haanzishi boma peke yake. Mume hayupo, basi ni ndugu wa mume. Nitatangulia mimi na Odongo na jogoo, wewe utafuata na moto, tutajenga kwa siku moja." "Na ukishanianzishia boma," Min Odongo akasema polepole, "boma hilo litakuwa la nani?" Sote watatu tulijua jibu. Angekuwa mke wake wa tatu, jambo alilolikataa tangu mazishi. Na kama angehama bila mwanamume, ingekuwa chira, ule mkosi wa kuvunja mwiko, nao haungempata yeye, ungempata mtoto. Odongo alikuwa na mtoto mchanga. "Serikali imesema maji yanarudi," Min Odongo akamaliza. "Nenda ukalale, shemeji." Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imetulia juu ya daftari, na doa limeenea ukurasa mzima.

Wachira alifika siku chache baadaye na gari la ofisi, sanduku la mbao, na fimbo ndefu zilizochorwa kama ubao wangu. Alikuwa kijana mwembamba, koti kubwa la sufu katika joto lile, kwa sababu, alisema, mwili wake ulikuwa bado haujaamini kuwa ameshuka. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili na wataalamu waliopima barafu ya Mlima Kenya, kisha ofisi ya maji ikamchukua. Aliutazama ubao wangu, akatazama daftari, akatazama tena ubao. "Mwalimu," akasema, "huyu ubao ni wewe ulihamisha?" Nikasema ndiyo, kwa fahari. "Na kabla ya kuhamisha, ulipima tofauti ya pale na hapa?" "Tofauti gani?" nikamuuliza. Basi akacheka. Si kucheka kwa dharau, lakini alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe, na mimi nilitaka maji yanifunike kichwa.

Nilimwambia kama amekuja kucheka arudi kwao. Akafuta macho, akaniomba radhi, akachukua kijiti akaanza kunichorea kwenye mchanga. "Sisi kule juu tunatoboa barafu, tunaingiza miti," akasema. "Barafu ikiyeyuka, mti unatokea zaidi. Tunapima umetokea kiasi gani. Rahisi, sivyo? Lakini barafu inatembea, Mwalimu. Pole pole, inateremka na ule mti wetu. Ukisikiliza mti peke yake utapotea. Sasa tunaenda kando, kwa mwamba ambao hauna barafu, tunapaka alama ya rangi. Mwaka ukiisha tunarudi na utepe: kutoka kwa rangi mpaka barafu inapoanzia, ni hatua ngapi? Tunapiga picha tukisimama palepale tulisimama mwaka jana. Mwaka wa kwanza niligusa barafu kwa mkono mmoja, mkono mwingine bado uko kwa ile rangi. Mwaka wa pili ilibidi nitembee." Nilimuuliza kwa nini inaondoka. Akasema wakubwa wake walibishana sana kuhusu hilo, yeye kazi yake ilikuwa kushika utepe usilegee. Kisha akaniuliza, "Mwamba wako uko wapi?" Palikuwa na nguzo ya saruji kwa kazi hiyo hiyo, na sikuwa nimewahi kuuliza ni ya nini. Ilikuwa imezama zamani, hata hatukukumbuka vizuri ni wapi.

Ndipo nilipoelewa. Nilimwambia yote: baraza, makofi, vigelegele, chifu. Wachira aliacha kuchora. "Kwa hiyo ziwa halijashuka hata kidogo," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo. "Halijashuka," akasema. "Lakini limepanda kiasi gani tangu siku hiyo, na linapanda kwa mwendo gani, hatuwezi kujua. Ulikata kamba katikati. Bila ncha mbili hatuwezi kuunga. Nikienda ofisini na maneno tu, watasema wasubiri miezi mitatu ya namba mpya." Miezi mitatu! Kutoka mlangoni pa Min Odongo mpaka majini zilikuwa zimebaki hatua ishirini na kitu.

Nilimkuta Min Odongo kwenye mwamba wake. Ulikuwa mwamba mkubwa wa kijivu unaoingia ziwani kwa ngazi ngazi, na juu yake alianika fulu tangu alipoolewa. Nilipiga magoti kwenye mawe, nikamwambia kwa Kijaluo, maneno yakigongana, kwamba maji hayakurudi, kwamba ni mimi niliyehamisha ubao, kwamba alichosikia kwa chifu kilitoka mkononi mwangu. Nilitarajia anipige. Aliendelea kugeuza samaki wake. "Siku ile uling'oa ubao na wale watoto wanne," akasema, "maji yalikuwa hapa." Akaweka kidole kwenye ufa mwembamba uliopita ubavuni mwa mwamba, sasa uko chini ya maji kwa urefu wa mkono wake. Nikamuuliza anajuaje. "Nyar Kosele," akaniita, yaani binti wa Kosele, "asubuhi ile yalinilowesha samaki wa ngazi hii, nikatukana, nikawahamishia hii ya juu. Nikawaona mnabeba ubao kama jeneza. Baadaye nikahamia ile. Juzi nimehamia hii niliyokalia." Nikashtuka. "Kwa hiyo ulijua yanapanda! Mama, mbona ulinyamaza?" Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Niliona yanapanda. Halafu mwalimu wangu anayelala nyumbani kwangu akaandika kwamba yanashuka. Nikasema basi, macho yangu yamezeeka."

Nimezaa watoto watano, nimezika mume, nimestaafu, nimelia vilio vingi. Hakuna sentensi iliyonikata kama ile. Mwanamke aliyelisoma ziwa kwa miaka thelathini aliyaweka kando macho yake kwa sababu ya kalamu yangu. Na bado leo nawaona watu wakifanya vivyo hivyo, wakimwacha mtu anayeamka na ardhi kila siku wakamsikiliza mwenye makaratasi, na nawaona wengine wakiyatupa makaratasi yote kwa hasira. Mimi nataka vyote viwili vikae meza moja, kama vilivyokaa kwetu wiki ile.

Wachira alipouona ule ufa, ile ncha ya kamba iliyokuwa imepotea, alikaribia kucheza. Akafunga darubini yake juu ya miguu mitatu, akasubiri kipovu cha hewa ndani ya kichupa chake kitulie katikati, nami nikaingia majini kushika fimbo, mara juu ya ufa, mara kando ya ubao. Aliandika, akatoa, akajumlisha, akanipa nami nikatoa na kujumlisha. Kamba ikaunganika. Akapaka alama nyekundu juu kabisa ya mwamba, pasipofika samaki wala maji, akasema kuanzia siku hiyo kila kitu kitapimwa kutoka hapo, kama kule mlimani. Min Odongo akataka kuangalia ndani ya darubini. Akainama, akaruka nyuma. "Mbona nyumba yangu iko kichwa chini!" Wachira akamweleza kwamba vioo vyake ndivyo vilivyo, vinageuza. "Na serikali ndiyo inaangalia kwa hiki?" akasema. "Si ajabu." Tulicheka wote watatu, mara yangu ya kwanza tangu asubuhi. Kisha Wachira akaielekeza darubini mlangoni kwa Min Odongo, akasoma, akarudia kusoma. Kizingiti kilikuwa futi mbili na inchi nne tu juu ya maji. Kwa mwendo wa namba zetu zilizounganishwa, mvua zikiendelea, ilikuwa miezi miwili.

Tulimwandikia chifu barua siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeiandika, na nilianza na jina langu na kosa langu. Ilisomwa kwenye baraza la pili nikiwa nimesimama mbele ya watu, na aliyepiga vigelegele safari ile alinisonya vizuri sana. Lakini wakahama, nyumba baada ya nyumba, wakicheka kwa hasira na kunirushia maneno njiani. Min Odongo peke yake alibaki, na wote walijua kwa nini. Okelo alikuja tena, safari hii mchana, mbele yangu na mbele ya Odongo aliyekuwa ameitwa kutoka Remba. Akarudia mila, jogoo, moto, siku moja. Min Odongo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Shemeji, barabara ilipokatwa ikapita katika lango lako, ulianzisha boma jipya?" Okelo akasema hapana, alisogeza ua na lango tu. "Boma likabaki lile lile?" Likabaki. "Watoto wako walipata chira?" Okelo akaanza kuona anapopelekwa, akakuna kichwa. "Basi na mimi sihami," akasema Min Odongo. "Odongo ataunyoosha ua wa baba yake mpaka juu kilimani, shamba lote liwe ndani. Boma ni lile lile. Mwenye boma amelala ndani yake palepale alipolala. Mimi nitajenga nyumba upande wa juu wa boma la mume wangu. Kuna mwiko hapo?" Okelo akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anayemheshimu aliyemshinda, akasema, "Ndugu yangu alioa wakili." Kesho yake alikuja na panga na wanawe wawili kukata miche ya ua.

Tulijenga upande wa juu. Mimi na wanafunzi wangu tulibeba maji na kukanyaga udongo, na Wachira, aliyetakiwa kurudi, akapata sababu za kukaa siku nne zaidi kuhakikisha alama yake. Alipoondoka alinipa utepe wake wa zamani uliochanika ncha. Maji yakaja jinsi tulivyosema, yakachelewa siku sita tu. Asubuhi moja nilishuka kusoma ubao, nikamkuta Min Odongo ndani ya nyumba ya zamani isiyo na mlango, maji magotini, ameinama. Nilidhani analia. Kumbe ananyemelea samaki. Ngege watatu wanene walikuwa wanazunguka katika chumba chake cha kulala. "Zuia pale kwako!" akapiga kelele, nami nikaruka na sketi yangu nikaziba upenyo wa chumba changu, tukawakamata wawili kwa ungo. "Ana magamba," akaniambia, akimwinua mmoja, "hata Msabato atakula." Kwetu samaki asiye na magamba ni mwiko. Alipotoka alisimama kidogo mahali penye kaburi, maji yamelifunika, akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho sikukisikia na sikuuliza.

Tulikula ngege wale katika nyumba mpya, udongo bado unanuka ubichi. Tangu ahamie pale, vitu vyake vilikuwa vimefungwa katika furushi moja kubwa kando ya mlango. Alitoa nguo na kurudisha, asubuhi hadi asubuhi, wala sikuthubutu kumuuliza kitu. Alimaliza kula, akanawa, akanitazama. "Na hapa," akasema, "yatafika?" Niliinuka nikaleta daftari. Nikampigia hesabu kwa sauti, kutoka alama nyekundu ya mwamba mpaka kizingiti alichokalia, nikarudia mara ya pili. Nikamwambia, "Hapa hayafiki, Mama." Alikokota lile furushi mpaka katikati ya nyumba, akafungua fundo kwa meno, akatoa koti la mumewe, akalikung'uta, akalitundika ukutani.